Maana Nne za Neno Mzima

Kuna salamu niliyoiitikia maelfu ya mara bila kuifikiri, hadi siku moja iliponishinda. Ilikuwa asubuhi, mbele ya nyumba yangu hapa Berega, wilayani Kilosa. Mzee mwenzangu alikuwa akipita na jembe begani kuelekea shambani. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Mwalimu! Habari za siku nyingi? U mzima?" Nikafungua kinywa nijibu "mzima", kama nilivyofundishwa na mama yangu na kama nilivyowafundisha watoto wa watu. Neno likakwama. Nikabaki nimeshika nguzo ya baraza, namtazama tu. Mwishowe nikasema, "Karibu, mzee mwenzangu." Akaitikia, "Nimekwisha karibia," akaenda zake, labda akidhani kwamba masikio nayo yameugua.

Masikio yalikuwa salama. Wiki saba kabla ya asubuhi hiyo moyo wangu ulikuwa umesimama kwa dakika nne. Nilikuwa nimerudi kijijini nikiwa hai, lakini sikujua kama mtu wa namna yangu ana haki ya kuitikia "mzima". Makala haya ni jibu langu kwa mzee yule. Limechelewa, lakini sasa nadhani nimelipata.

Nieleze kwanza kilichotokea. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari. Nilipikwa katika chuo cha ualimu, nikafundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, nikastaafu nikarudi nyumbani kulima mahindi na alizeti. Mwaka juzi, mimi na mke wangu tulikwenda Dar es Salaam kumwona binti yetu, safari ya karibu kilomita 300 kutoka hapa. Alfajiri moja kifua kilinibana kana kwamba mtu ameketi juu yake. Maumivu yakateremka mkono wa kushoto, jasho baridi likanitoka. Nilitaka kungoja kupambazuke. Mke wangu hakuniomba ruhusa. Alikwisha kutafuta gari.

Hospitalini, muuguzi kijana alikuwa akinibandika nyaya kifuani huku akiniuliza, "Babu, una masaa mangapi tangu maumivu yaanze?" Nikamwambia, "Sema saa, mwanangu, si ma..." Sentensi ile sikuimaliza. Yaliyofuata nimesimuliwa. Muuguzi yule yule niliyekuwa nikimsahihisha ndiye aliyeanza kunigandamiza kifua. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa hatua chache tu kutoka kitandani. Walinishtua mara mbili. Baadaye wataalamu waliuzibua mshipa uliokuwa umeziba, wakaweka ndani yake kijibomba kidogo cha waya ili usizibe tena.

Wapenzi wa lugha wataniruhusu nitenganishe mambo mawili tunayoyachanganya. Katika mshtuko wa moyo, mshipa unaoulisha moyo wenyewe huziba, na sehemu ya msuli wake hukosa damu. Mgonjwa huumia, lakini mara nyingi moyo huendelea kupiga, naye huweza kusema. Moyo ukisimama, damu haisukumwi tena. Mtu huanguka, haitiki, wala hapumui kama kawaida. La kwanza huweza kuzaa la pili, na ndivyo lilivyonipata. Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba moyo "uliosimama" mara nyingi huwa haujanyamaza katika dakika za mwanzo. Hutetemeka ovyo, kila sehemu ikienda kwa mdundo wake, na hakuna damu inayosukumwa. Umeme wa mashine huukomesha mtetemo huo, ili mdundo wa asili upate nafasi ya kurudi. Aliyewahi kuingia katika darasa la kidato cha pili lenye makelele, akapiga rula mezani, ataelewa.

Sasa nirudi kwenye neno. Niliporudishwa Berega nilikatazwa kazi, nikakaa barazani na kamusi. Nikaona kwamba kivumishi -zima tumekibebesha mizigo minne. Mzima ni asiye mfu. Mzima ni asiye mgonjwa. Kizima ni kisichopungua, kama mkate mzima au kitabu kizima. Na mtu mzima ni aliyekwisha kukomaa, asiye mtoto. Wakikuyu nao wana neno mũgima, lenye ukamilifu, afya na utu uzima ndani yake, basi jambo hili ni la ukoo wa lugha zetu. Kitenzi kuzima, cha kuzima taa, ni neno jingine lililofanana na hili kwa sauti tu. Hata hivyo nakiri kwamba katika siku zile nilipokuwa nikisikia "mzima" nilikuwa nikifikiria taa.

Kwa maana ya kwanza nilikuwa na haki kamili. Mfu sikuwa. Watu walijaa uani kushukuru, wengine na kuku, wengine na mchele. Walisema nimefufuka. Waliketi karibu nami, wakashusha sauti, wakaniuliza niliona nini kule. Ningaliweza kuwatungia kisa kizuri. Utunzi ndio kazi niliyoisomesha. Lakini niliwaambia kweli. Sikuona kitu. Kati ya silabi "ma" na dari nyeupe ya wodi hapana chochote, hata giza. Mama mmoja alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimekwenda Dar es Salaam nikarudi bila kuiona bahari.

Wala neno kufufuka silikubali. Mimi nilishikiliwa. Mikono ya watu ilifanya kazi ya moyo wangu hadi moyo ulipoweza kuifanya tena. Wataalamu wanasema kwamba kila dakika inayopita bila kugandamizwa kifua wala kushtuliwa, nafasi ya kuokoka hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Tuna hospitali hapa Berega, na tunajivunia kuwa nayo. Lakini lau ningeanguka katika shamba langu la alizeti, pasipokuwa na mtu anayejua la kufanya, hata hospitali bora kuliko zote duniani ingepokea maiti. Uhai wangu ulitegemea umbali wa kitanda na mashine.

Kwa maana ya pili, haki ilianza kupungua. Mbavu zilizogandamizwa ziliuma kila nilipokohoa. Nilipewa dawa za kuzuia damu isigande, za kushusha lehemu na za kuutuliza moyo, na nikaambiwa nisiziache hata nikijisikia vizuri. Kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe kulinitosha kwa siku. Hayo niliyatarajia. Nisilolitarajia ni hofu. Usiku nilikuwa nikilala kwa ubavu wa kushoto, nikausikia moyo ukipiga mtoni, nikaanza kuuhesabu. Mwalimu wa ushairi akianza kuhesabu haachi. Pigo moja likichelewa kidogo nilikaa kitandani, jasho likinitoka, nikingoja la pili. Nimewapunguzia alama wanafunzi wangapi kwa mshororo uliopungua mizani moja! Sasa nilikuwa nikichungulia kaburi kwa kosa lilo hilo.

Maana ya tatu ndiyo iliyonitia huzuni. Nilikuwa nikijua beti nyingi kwa moyo, kama tunavyosema. Niliporudi, nilikuta baadhi zina matundu. Ningeanza ubeti, kipande cha kwanza kikaja, cha pili kikakataa. Nilisahau hata shairi nililomtungia mke wangu tulipooana, ambalo halikuandikwa popote. Yeye alikuwa akikumbuka mishororo miwili. Mingine imekwenda. Madaktari wanalijua jambo hili. Ubongo hauvumilii kukosa damu, na wengi walionusurika baada ya moyo kusimama hubaki na usahaulifu, uchovu, hofu au huzuni, kwa muda au kwa siku zote. Basi mimi si mkate mzima. Kipande kimemegwa.

Mjukuu wangu, mpenzi wa kandanda, aliniona nimeinama akanisimulia habari za Fabrice Muamba. Kijana huyu alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, akakulia Uingereza, akawa mchezaji wa Bolton. Tarehe 17 Machi 2012, akiwa na miaka 23, alianguka uwanjani London katika mechi dhidi ya Tottenham. Daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, aliteremka kwenda kusaidia. Moyo wa Muamba haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Akaishi. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, kwa ushauri wa madaktari, akaacha kucheza. Mjukuu akanitajia na Christian Eriksen wa Denmark, aliyeanguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akawekewa kifaa cha kulinda moyo, na mwaka 2022 akarudi uwanjani katika ligi ya Uingereza.

Nikamuuliza, "Kati ya hao wawili, mzima ni yupi?" Akafikiri, akasema, "Wote, babu. Ila mmoja kaambiwa atafute kazi nyingine." Jibu lile lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimedhani kwamba kuwa kamili ni kurudi ulivyokuwa. Yule kijana wa Kinshasa hakurudi alivyokuwa. Alivua jezi, akawa mtu mwingine aliye hai, na hapana aliyemwita nusu mtu.

Maana ya nne ilileta ugomvi nyumbani. Nilikuwa mtu mzima tangu nilipopata mshahara wa kwanza. Ghafla nikawa mtoto. Ndoo nilipokonywa. Chumvi ilihesabiwa. Nikichelewa msalani, mtu alikuja kugonga mlango. Mjukuu wa miaka sita aliwekwa kunichunga, naye alikuwa akikimbia kumwambia bibi yake, "Babu amesimama!" Siku moja nilichoka. Nikangoja mke wangu aende kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nikachukua jembe, nikaenda zangu shambani. Nilipalilia tuta moja tu, polepole, nikihisi utu wangu unarudi mkononi kupitia mpini.

Alinikuta huko. Sikumwona akija, nilisikia pumzi zake, maana alikuwa amekimbia. Nikaanza kusema maneno niliyokuwa nimeyaandaa, kwamba mimi ni mtu mzima, kwamba kazi nyepesi haiui, kwamba hata daktari aliniagiza mazoezi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, wewe ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyekuona umekufa."

Akaketi pale pale kwenye tuta. Tangu siku ile ya hospitali, akasema, hajalala usiku kucha hata mara moja. Huamka, huweka kiganja mgongoni pangu, hungoja nipumue, ndipo hulala tena kidogo. Kumbe nyakati zile nilizokuwa nikihesabu mapigo yangu, kulikuwa na mwingine gizani akihesabu pumzi zangu, na kila mmoja alijifanya amelala ili asimwamshe mwenziwe. Nyumba ilijaa wageni miezi miwili. Wote walinipa pole mimi. Hakuna aliyemuuliza yeye kama ni mzima, nami nikiwa wa kwanza wa wasiomuuliza.

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, jambo ambalo wazee wa hapa hawalifanyi barabarani. Jembe alilibeba yeye. Tulifanya mapatano: nitatembea kila siku kwa dakika ambazo daktari amezitaja, nikiongeza kidogo kidogo; nitapalilia tuta moja, si mawili, naye akiwapo; na hofu ya usiku tutaambiana. Safari ya kliniki iliyofuata tulikwenda wote wawili hadi ndani, na daktari akazungumza na yeye pia. Alimwambia kwamba aliyeshuhudia huweza kuumia kama aliyeanguka, na kwamba si udhaifu. Mke wangu alilia kidogo, akafuta machozi kwa kanga, akauliza maswali kumi.

Wakati huo nilirudi kwenye utendi ambao nimeufundisha miaka yote, ule wa Mwana Kupona, mwanamke wa Pate aliyeutunga takriban mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Alikuwa mgonjwa, na haukupita muda mrefu akafariki. Darasani nilikuwa nikilitaja jambo hilo la ugonjwa kwa sentensi moja, kisha nageukia vina, mizani na wasia kwa mwanamke wa Kiswahili. Safari hii niliusoma kama mgonjwa. Sikumbishii msomaji anayeuona wasia ule kuwa wa zama zilizopita. Nililoliona ni kwamba mtu mwenye maradhi, aliyeitwa Kupona, hakuutumia muda wake mwingi kujihesabia mapigo. Alimwita mwanawe aketi karibu, akamfundisha alilodhani litamfaa.

Basi nikajiuliza ninalo nini la kumfundisha mtu, ilhali beti zangu zina matundu. Nikakuta ninalo. Nilikuwa na mizani.

Kugandamiza kifua kwa aliyeanguka kunataka mdundo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikono miwili katikati ya kifua, kukizamisha sentimita tano hivi na kukiachia kila mara kiinuke. Watu wakiingiwa na hofu huenda mbio mno au huchoka wakapunguza. Wanahitaji kitu cha kuwaongoza, na sisi tunacho tangu zamani. Mshororo wa mizani 16, kila mizani ikiwa pigo moja, huenda sawasawa na mdundo huo. Ubeti wenye mishororo minne una mizani 64. Ukiimbwa kwa kasi inayotakiwa huchukua sekunde 32 hadi 38. Nikatunga huu, si kwa ajili ya kusifiwa, bali kwa ajili ya mikono:

Akianguka jamani, usikimbie kulia,
Weka kati kifuani, mikono kushindilia,
Hesabu uwe makini, mizani ikitimia,
Usichoke asilani, msaada wakujia.

Muuguzi mmoja jirani yetu alikubali kuja Jumamosi. Tulijaza gunia maranda, tukalilaza chini ya mwembe. Walikuja vijana wa bodaboda, wanakwaya, na mzee mwenzangu yule wa salamu. Muuguzi aliwaonyesha namna ya kumwita na kumtikisa aliyeanguka, kutazama kama anapumua, kumtuma mtu akatafute msaada na gari, na kuanza bila kungoja. Mimi niliimbisha. Kijana mmoja aligandamiza huku akiruka silabi, nami nikamsimamisha: "Mizani imepungua! Anza tena." Wote wakacheka. Kwa mara ya kwanza tangu niugue nilisahau kabisa kuusikiliza moyo wangu.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba ubeti unashinda mauti. Pasipo mashine na matibabu ya haraka, wengi hawarudi hata wakigandamizwa vizuri, na Jumamosi ile niliwaambia hivyo wote. Lakini kugandamiza hununua muda, na mimi ni mtu ninayeishi ndani ya muda ulionunuliwa na mikono ya wengine.

Wiki iliyopita mzee mwenzangu alipita tena na jembe lake. "Mwalimu, u mzima?" Nikamjibu, "Mzima, lakini si kwa maana zote. Keti nikueleze." Akaketi, nikamweleza zote nne, naye akasema kwamba katika umri wetu, anayezipata mbili ashukuru.

Lakini salamu hiyo sasa haianzi barazani. Huanza chumbani, kabla ya jogoo wa pili, na mwulizaji ni mimi. Ninamgeukia mke wangu, nasema, "U mzima?" Miezi mingi alijibu, "Tunaendelea." Juzi alichelewa kujibu. Niliweka kiganja mgongoni pake, nikangoja kama alivyokuwa akiningoja mimi, hadi nikaisikia pumzi yake. Kulikuwa kumekwisha kupambazuka alipofumbua macho, akatazama dirisha kwa mshangao.

"Mwalimu," akasema, "leo nimelala."